Herufi Moja

Neno moja, shilingi ishirini.
Hiyo ndiyo bei ya jarida letu hapa Njombe,
na "na" ni neno, na "ya" ni neno,
hadi Nyagawa alipoushtukia mchezo wangu
akaanza kuzifyeka "na" kwa kalamu nyekundu
kama mtu anayepalilia.

Mwezi wa saba nilikwenda Uwemba.
Bodaboda elfu nane, kwenda na kurudi,
sakitu bado imelala juu ya majani,
dereva kajifunga kanga ya mkewe shingoni
wala haoni haya.
Nikapiga hesabu njiani: maneno mia nne
ndiyo yarudishe nauli.
Chai haimo. Vocha haimo.

Edita Mwalongo alinipa kiwiko nishike,
kiganja kilikuwa na udongo.
Matuta yake yote yalikuwa yamenyauka.
Akang'oa kiazi, akakikata kwa kisu,
kikatoa ute mweupe, mzito.
"Magunia sita ya mbegu," alisema.
"Nimeuza ndama. Andika hapo: ndama.
Na huyo aliyeniuzia, mtaje,
mbona mimi jina langu natoa."

Niliandika. Maneno mia nane na kumi na mawili,
kwenye simu iliyopasuka kioo,
usiku, blanketi mabegani,
nikafuta, nikarudia, nikafuta.

Nyagawa alisoma amesimama.
Si mtu mbaya, Nyagawa.
Jarida analitoa mfukoni mwake,
ofisi ni chumba kimoja juu ya duka la mabati,
mvua ikinyesha mnaongea kwa ishara.
Akanisogezea jalada la nyuma,
rangi tupu, ukurasa mzima:
MBEGU BORA, MAVUNO BORA.
Muuzaji yuleyule, anacheka,
kiazi kakipakata kama mtoto wa kubatizwa.
"Huyu ndiye karatasi," alisema. "Huyu ndiye wino.
Ishirini zako unadhani zinachimbwa wapi?"
Nilikuwa na jibu zuri.
Lilinijia nikiwa nimeshateremka ngazi.

Toleo likatoka. Nilikuwa ukurasa wa kumi na moja,
chini ya ratiba ya chanjo ya mbwa:
Mkulima Uwemba ashauriwa kupumzisha shamba.
Maneno hamsini na tisa.
Ndama hayumo. Muuzaji hayumo.
Na Edita ameandikwa Edina.
Hilo si la Nyagawa. Hilo ni langu,
kidole changu na usingizi wangu.

Elfu moja mia moja na themanini.
"Pita mwisho wa mwezi."
Mwezi ukaisha. Ukaja mwingine, nao ukaisha.

Jumamosi moja nilisimama kwenye kibanda cha Mgaya,
pale yanapouzwa magazeti na betri na dawa ya panya,
nikafungua ukurasa wa kumi na moja
kama mtu anayebandua plasta aone kidonda.
Kuna aliyepita na kalamu ya bluu.
Ile n imekatwa mstari, juu yake t,
t ya darasa la pili, ya taratibu, imebonyezwa
hadi ukurasa wa nyuma unaipapasa.
Nikafungua nakala ya pili: t.
Ya tatu: t.
Zilikuwa kumi na nne.

"Mama mmoja wa Uwemba," Mgaya alisema.
"Hakununua hata moja. Kaniazima kalamu,
kakaa hapo kwenye kreti saa nzima.
Nilidhani kachanganyikiwa,
lakini kalamu alirudisha."

Kwenye nakala ya chini kabisa,
pembeni, nje ya mstari,
mahali ambapo mhariri hafiki,
alikuwa ameongeza neno moja:
ndama.

Nakala hiyo niliinunua.
Elfu mbili, taslimu.