Ukurasa wa Tisini na Tatu

Walikuja Jumanne, akina mama wa kikoba cha Kigogo,
noti za elfu mbili mbili zimefundikwa kwenye pindo la kanga.
"Tuchapie yote aliyoyasema. Miaka mitano.
Tunataka kumsoma kabla hajarudi kutusalimia."
Nikawaambia ukurasa ni shilingi mia.
Bi Mwanaheri Pazi akacheka kwa puani:
"Huyo hakumalizii wino."

Na kweli hakunimalizia.
Mashine ilikoroma hadi adhuhuri, umeme ukakatika mara moja,
na mbunge mzima akaenea kwenye bahasha moja ya kaki.

Maswali ya msingi, kumi na moja.
Ya nyongeza manne, mawili kati yake ni pongezi.
Muswada aliouandika yeye, aliousimamia yeye: hakuna.
Hoja binafsi: moja.
"Naunga mkono hoja" nilianza kuihesabu kwa maharage,
maharage ya mchana yakaisha bakulini.

Sasa kura, kura zina ujanja wake.
Siku ya bajeti huitwa jina kwa jina, na jibu likaandikwa:
Ndiyo. Ndiyo. Hayupo. Ndiyo. Ndiyo.
Mwaka ule wa Hayupo tulimwona Mabibo
kwenye harusi ya mpwa wake, anatunza kwa noti mpya.
Lakini mengine mengi hupita kwa sauti:
wanaoafiki waseme ndiyo, ukumbi unanguruma,
na ngurumo haina jina.
Mtu mzima hujificha humo,
katikati ya midomo ya wenzake,
kama jiwe kwenye mchele.

Ule wa ushuru wa masoko, ulioongeza mia tano kwa kila meza,
yeye alisema nini?
Karatasi inajibu: *Walioafiki wameshinda.*
Bi Mwanaheri, ambaye mia tano hiyo huitoa kila alfajiri
kabla hajauza hata fungu moja,
aliweka kidole juu ya neno "walio"
akakiacha hapo,
kana kwamba litafunguka, watoke mmoja mmoja.

Halafu ile hoja.
Ukurasa wa tisini na mbili.
Mtaro wetu!
Kautaja Msimbazi, kautaja usiku wa maji,
magodoro yalivyoelea, choo cha Mzee Mwinshehe
kilivyoondoka kizima na mlango wake umefungwa kwa ndani.
Kanitaja hata mimi: "kijana mmoja mwenye duka la kuchapia,
mashine kichwani, maji kifuani."
Sikujua. Miaka mitatu nimekaa kwenye kabati la Dodoma,
nimelowa vilevile, bila habari.
Nilisoma kwa sauti. Mama mmoja akasema polepole,
"Kumbe alituona."

Nikafunua.
*Mheshimiwa Spika, kwa maelezo mazuri ya Serikali,
naomba kuiondoa hoja yangu. (Makofi)*

Makofi ya nini, pale dukani hakuna aliyeuliza.
Mwandishi wa Bunge huandika anachokisikia.
Mtaro haupigi kelele mpaka mvua inyeshe.

"Na wewe," wakanigeukia, "ulimpa?"
Kura yangu mimi haina Hansadi.
Wino wa kidoleni ulitoka ndani ya wiki.
Nikajifanya nabana karatasi, pini ikanichoma.
Nilimpa. Mara mbili.

Wakalipa elfu nane na mia nne, ile mia nne nikawarudishia.
Wameshatoka, Bi Mwanaheri akarudi peke yake,
akataka nakala ishirini za ukurasa wa tisini na tatu,
ule mmoja tu.
Nikadhani anataka kuzibandika ukutani.
"Ukuta wa nini," akasema, anazikunja ziingie kapuni.
"Nauza bamia. Akija kutuomba,
nitamfungia humo."