Meno ya Jiriwa

Tuliishusha darini, Limbani, siku ya kuezua paa,
imevikwa gunia la karafuu, kutu imeilalia.
Hamadi akasema iende polisi kabla ya adhuhuri.
Mama akasema iende, lakini kwanza ijulikane.
Humtoi mtu nyumbani baada ya miaka themanini
ukamwandikisha "kitu".

Basi akaitwa Shaame, fundi saa wa sokoni Wete.
Alikuja na kioo chake cha jicho, mafuta ya taa
na mswaki uliokwisha meno.
Hakuuliza ni ya nani. Aliomba kitambaa.

Alianza na kasiba. Aliielekeza dirishani
akachungulia kama autafutaye mwezi wa Ramadhani.
"Laini," akasema, "laini kama koo la birika.
Ya askari huwa na mifereji ya kuisokota risasi.
Hii imepekechwa kwa kekee, mifereji imeliwa,
ili imeze marisau."

Akakishika kidole changu, akakipitisha chini ya mdomo wake:
kovu la tupa. Hapo palikaa singe.
Juu palikuwa na ngazi ya kulengea mbali;
wameing'oa, wakaweka punje ya shaba mbele,
maana kanga hangoji uhesabu hatua.
Mti umekatwa ukawa mfupi. Pete za chuma zimeondoka,
na pale zilipokuwa rangi ni changa,
kama mkono wa mjane aliyevua bangili.

Kifuniko cha ubavuni kikapinduka kulia
mithili ya kijaluba cha tambuu.
"Mfaransa," akasema. Halafu: "Ngoja."
Akasugua. Mafuta yakala kutu, ikatoka chapa:
yai dogo, na ndani ya yai E, na L, na G.
"Kumbe imepita Ubelgiji, mji wa Lieji.
Silaha zilizostaafu wakizinunua kwa mafungu, kama dagaa,
wakizikata, wakizitoboa, wakizijaribu kwa baruti ya kupita kiasi.
Isiyopasuka ikapigwa yai, ikapanda meli."
Kasiba ina namba yake, mtambo una yake.
Hazijuani.

Tukafika kitakoni. Mama akasogeza kiti.

Pale pana mikato tisa. Sisi tumelelewa na mikato ile.
Babu Mjaka, tuliambiwa, alirudi nayo vitani bara,
na kila mkato ni mtu.
Utotoni tuliwapa majina, tukawagombania;
Hamadi alikuwa na wanne, mimi watano.
Mama hakuwapa majina. Mama, tangu aolewe nyumba ile,
kila usiku wa kuamkia Ijumaa
aliwasomea Yasini, wote tisa,
chetezo kikifuka chini ya tundu la dari.

Shaame akapima kwa ukucha. Nafasi sawa. Kina sawa.
Akaigeuza, akakwangua nta na vumbi upande wa pili:
tisa nyingine, zimekabiliana na zile.
"Meno ya jiriwa," akasema. "Fundi aliibana kwa pupa
akasahau kuweka ngozi."

Hamadi alicheka hadi akakaa chini.
Mama akauliza, "Kwa hiyo Mjaka hakuua?"
"Kwa hii? Kanga. Na kima wa shambani, labda."

Kituoni, kwenye fomu, penye *Aina*
niliandika: ya vita, ikageuzwa ya kuwindia, Lieji.
Afande akasoma, akakata kwa mstari mmoja,
akaandika: bunduki kuukuu, 1.
Akanipa risiti.

Alhamisi usiku nilikuta ubani unafuka.
"Mama, si watu. Ni jiriwa."
"Nimesikia, mwanangu, sijawa kiziwi."
Akafungua msahafu, akautafuta ukurasa asiouhitaji.
"Lakini ile mifereji, kabla ya huyo mwenye kekee,
ilikuwa ikipitisha nini?"

Akaanza kusoma.
Safari hii hakutaja idadi.