Uniti Mbili Pungufu

Jumanne saa nne Gaynor hupiga simu.
Namsubiri kwenye ngazi za nyuma za kiwanda
nimeshika daftari kama mtoto aliyeitwa ofisini.
"Nisomee," asema, nami nasoma:
alfajiri kumi na moja nukta nne,
mchana saba, usiku kumi na tano,
Alhamisi alasiri, tatu nukta moja.
Hapo ananyamaza kidogo.
"Ulikuwa unafanya nini?"
Nilikuwa nainua madirisha, namwambia.
Karavani kumi na mbili, kila moja na madirisha yake sita,
na Hull nzima inatoka jasho mgongoni mwangu.

Wiki sita nyuma sikujua kongosho liko upande gani.
Nilijua kiu tu, kiu ya kumaliza bomba na mfereji wake,
suruali iliyoomba mkanda,
kisha mkanda ulioomba tundu jipya,
na Sikudhani akimnong'oneza dada yake
kwamba labda nimerogwa, au nina mwanamke.
Hospitali wakasema: aina ya kwanza.
Nikadhani ni sifa.

Sasa kuna mizani jikoni, karibu na mwiko.
Kijitabu walichonipa kinajua kila kitu cha hapa:
kipande cha mkate, chipsi za kwenye karatasi,
biskuti moja, hata nusu biskuti.
Ugali hakiujui.
Basi Sikudhani akapima unga mkavu, akapima uliosongwa,
akaondoa maji kwa hesabu,
akaandika kwa wino mwekundu nyuma ya kadi ya daktari wa meno:
bonge moja la ngumi, hamsini na nane.
"Ngumi yako," akasisitiza, "si ya kaka yako."

Jumamosi nilijidunga kwa hesabu safi kabisa
na bado saa nane za usiku shuka limelowa,
mkono ukipapasa swichi
kwenye ukuta wa nyumba nyingine, ile niliyokulia.
Hakuniuliza kitu. Alininywesha juisi
kama anayemnywesha ndama,
tukakaa sakafuni tukingoja dakika kumi na tano
kwenye saa ya jiko, ile ya tarakimu za kijani,
mimi na yeye na friji inayonguruma,
na ndani yake, karibu na siagi,
dawa iliyoniangusha
ambayo asubuhi nitaiomba tena iniinue.

Asubuhi Salha akataka vitendawili.
"Kitendawili."
"Tega."
"Kikipungua chaniua, kikizidi chaniua."
Akafikiri, mguu wake ukipiga kiti.
"Chumvi."
Siyo.
"Pesa."
Siyo, nikasema, ingawa nilisita.
"Nipe mji."
Akanipa Hull, wote, na daraja lake refu,
na vibanda vyeupe vya simu ambamo hakuna anayepiga tena,
na mvua. "Hiyo usinirudishie."
Basi nikaenda mjini mwangu, nikala, nikatoboa kidole,
nikajidunga, nikarudi: jibu ni dozi.
Akasema si haki, kitendawili hicho hakihesabiki,
nimekitunga mwenyewe.

Nilizoea dawa iliyo amri.
Kutwa mara tatu, maliza zote, usiulize.
Huyu Gaynor anasema, "Tuone."
Anasema kama fundi cherehani mwenye pini mdomoni,
anapunguza hapa, anaachia pale,
na nguo yenyewe haitulii, inatembea,
inapanda ngazi na madirisha, Ijumaa inapumzika,
inagombana na kaka yake kwenye simu
na sukari inapanda bila hata kula kitu.
(Hilo nalo nimeliandika. Amecheka,
kisha akaniambia niendelee kuliandika.)

"Za usiku, toa mbili," anasema leo.
"Siku tatu. Halafu tuone."
Kengele ya kiwanda inalia. Ndani wananiita.
Nafuta kumi na nane, naandika kumi na sita
kwa penseli.
Tangu siku ya kwanza alisema penseli.