Chokaa Iliyobaki

Mama amewaambia majirani wote wa Funu
kwamba binti yake anaandika madereva.
Wanauliza: wa lori au wa taksi?
Wa vijisanduku, anajibu.
Wanatikisa kichwa, wanarudi kwenye sombe yao.

Kisanduku chenyewe kimefungwa huko juu,
kwenye nguzo nyuma ya choo cha shule,
kinapima kama udongo umesogea usiku.
Kina kijiko cha kukinga mvua:
kikijaa kinapinduka, kinapiga kengele,
na dereva wangu lazima aache yote, aitike.

Siku za jua hakikosei.
Mvua ikikaza, kinazimika.

Nilitafuta wiki tatu.
Nililaumu betri, nikalaumu waya, kutu,
nikamlaumu Cirhuza aliyeandika kabla yangu
kisha akahamia Kampala na chaja yetu.
Kuhusu Cirhuza sikukosea sana.

Rundo la kumbukumbu huanza juu, hushuka.
Usinicheke, ndivyo lilivyo:
kila kazi ikiita kazi nyingine
inajengwa chumba chini ya chumba,
kama sisi hapa Kadutu, bati la huyu
usawa wa kizingiti cha yule,
hadi chini kabisa kwenye kijito.
Nami nilipewa kilobaiti nne tu za mteremko.
Chini yake ni kwa watu:
saa, hesabu za jana, namba ya simu ya kuonya.
Ukipitiliza, hakuna ukuta unaolia.
Unaingia tu, unalala juu ya watoto wao.

Ndani ya fanksheni moja, ya kusoma tu,
Cirhuza alitandika safu ya baiti elfu mbili
za kuandikia ujumbe wa makosa.
Nusu ya mlima, kwa ajili ya sentensi
ambayo haikuwahi kuandikwa.
Nikaihamisha. Nikaiombea kiwanja mara moja,
asubuhi kisanduku kinapoamka,
pembeni, kwenye tambarare
(kama Bukavu kuna tambarare),
nikabaki na anwani yake mfukoni.

Anwani: baiti nne.
M'Cibalonza hupandisha viazi kutoka bandarini,
kamba pajini, kilo themanini,
kwa sababu hawezi kumwambia mteja:
viko kule, nenda ukaviangalie.
Mimi niliweza. Kila mahali kifurushi kizima
kilipobebwa toka kazi hadi kazi
nilikitua, nikapeleka anwani.
Nilifikiria mgongo wake nikiandika.
Haukupunguziwa gramu moja.

Palikuwa pia na kazi iliyojiita yenyewe
kila usomaji uliposhindwa, na kujiita tena.
Nikaigeuza kitanzi:
zunguka hapo hapo, usishuke.

Kisha nikapaka chokaa.
Rundo lote, baiti kwa baiti, A5, A5, A5,
nikapanda na ndoo nne za maji,
nikanyesha mvua ya uongo kwa kopo la nyanya,
watoto wa shule wakidhani ninaosha nguzo.
Nikasoma pale chokaa ilipofutika
jinsi tunavyosoma ukuta baada ya mafuriko:
maji yalifika hapa.
Zamani haikubaki hata chembe.
Sasa, baiti mia tisa na nne, nyeupe.

Si nyingi. Juu ya faili nimeandika
USIJENGE HAPA.
Atakayenifuata atajenga, najua.

Alhamisi ilianza kunyesha saa mbili usiku.
Umeme ukakatika mtaa mzima.
Kila dakika kumi simu iliwaka kitandani:
kipo, mlima upo.
Saa tisa mama akauliza gizani,
dereva wako bado hajalala?
Bado.
Akavuta kitenge hadi kidevuni,
akaanza kungoja naye.