Kopo la Majivu

Hapa Ndosho jembe halina kazi.
Ukichimba, chuma kinalia juu ya jiwe jeusi
na cheche zinaruka.
Udongo tunaununua.
Unakuja kwa chukudu kutoka njia ya Sake,
gunia kwa gunia, na yule kijana Bauma
hapunguzi bei hata ukimtajia mama yake.

Kwa hiyo bustani yangu imesimama wima:
magunia kumi na moja, beseni mbili zilizotoboka,
na sufuria ya harusi yangu, isiyo na kitako,
ambayo sasa inapika vitunguu polepole,
mwezi wa pili huu, na havijaiva.
Lengalenga zimetokea ubavuni mwa magunia,
katika matundu niliyotoboa kwa kisu,
zinachungulia barabara
kama watoto waliokatazwa kutoka.

Nyuma ya ua wa mbao alihamia Mbambu
na watoto wanne na godoro moja.
Jioni ya kwanza nilimpelekea fungu la mboga.
Alishukuru.
Asubuhi akaniletea faranga mia mbili
zilizokunjwa hadi zikawa ndogo kama punje ya mahindi,
akaziweka juu ya ukingo wa beseni, akaondoka.

Nikawaza siku tatu.
Siku ya nne nikamwita penye pengo la ubao:
Jirani, viwavi wananimaliza.
Majivu wanayaogopa, na yangu hayatoshi.
Nisaidie kopo moja kila jioni,
nami nitakulipa kwa majani.
Akacheka kidogo. Akasema, majivu tu?
Majivu tu, nikasema.

Basi binti yake Tuliza alikuwa akipitisha
kopo la maziwa ya unga, limejaa kijivu,
nami napitisha fungu limefungwa kwa ukindu.
Kopo kwa fungu. Biashara.
Hakuna aliyeinamisha shingo.
Nikajisifu, nisifiche: nililala vizuri
kama mtu aliyebuni gurudumu.

Jumanne kopo likaja nusu.
Alhamisi lilikuja robo, na ndani yake
vumbi la mawe yetu; nililitambua,
ni zito, halipeperuki ukilipuliza.
Jumamosi likaja tupu.
Mtoto amelishika kwa mikono miwili
kama limejaa mpaka juu:
Mama anasema kesho ataleta mara mbili.

Nilitazama ndani ya kopo.
Chini kabisa, chapa ya kiwanda, na kutu.
Pasipo moto jana, leo majivu yatoke wapi?
Nikapanda juu ya jiwe, nikachungulia uani kwao:
mafungu yangu matano yametundikwa kwenye msumari,
manjano, yamekauka, kila moja na ukindu wake,
hayajafunguliwa.

Kutoa ni moyo, walitufundisha.
Hawakutaja makala.

Nilimpa mwanamke majani yasiyolika mabichi
nikamwekea na deni la moto juu yake.

Sikutengeneza hotuba. Nilichukua nyundo.
Ubao wa tatu ulikuwa umeoza hata hivyo,
ulitoka na misumari yake bila kelele nyingi.
Nikasukuma mbabula yangu hadi katikati,
miguu miwili kwangu, mguu mmoja kwake,
nikasema bila kumtazama:
Makala yangu yanaungua bure, mimi niko peke yangu,
sufuria yangu ni ndogo. Lete yako.

Alikaa kimya muda mrefu.
Kisha akatoka na sufuria, na mwiko,
na kitunguu kimoja ambacho sijui alikificha wapi,
akaniambia nimekuwa nikikata lengalenga vibaya,
nakata chini mno, hazichipui tena.
Ni kweli. Miaka sita nakata chini mno.

Sasa gunia la kumi na mbili ni lake.
Alilijaza kwa maganda na udongo wa Bauma,
ambaye kwake, ajabu, alipunguza bei.
Majivu asubuhi hatujui tena ni ya nani,
Tuliza anayanyunyiza pande zote akiimba,
mengine yanamwingia machoni.
Na viwavi?
Wamehamia kwa Papa Ndagano.
Kesho nitampelekea kopo.