Kopo la Bi Kazija

Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, rangi imebabuka,
mfuniko haufunguki ila kwa mpini wa kijiko.
Ndani, chini kabisa, samli ya mama,
kina cha vidole viwili, chengachenga, manjano ya ndizi mbivu.
Mwenyewe keshakwenda, mwaka na miezi saba.
Samli imebaki.

Idd keshokutwa, na Wete nzima samli imeadimika.
Ya dukani kwa Mbarouk ina bei
ambayo ukitajiwa unauliza tena, kwa adabu,
ukidhani masikio yako ndiyo yaliyokosea.
Zuwena akaniletea siagi ya kopo, mbio mbio,
nayo imeshaanza kutoka jasho mfukoni.
"Shangazi, si yale yale?"

Si yale yale.
Siagi ina maji ndani yake, mwanangu, na chumvi.
Kwenye keki husamehewa.
Kwenye kileja hujitangaza:
unga wa mchele ukionja maji unashika ukaidi.
Mafuta ya alizeti nayo mepesi, hayana pa kushika;
unafinyanga, unapanga sinia, unageuka,
kileja kimelala chali kama mgonjwa.
(Yai la kuongeza? Nimeshajaribu. Kikawa biskuti.)

Kileja kinataka kitu cha kuganda kidogo,
kuyeyuka kidogo,
kikae katikati kama mkwe mwenye akili.
Unasugua unga kwa viganja:
ukibana ushikane, ukigusa uachane.
Hapo ndipo hiliki inapokaribishwa.

Nikashika kijiko juu ya kopo la mama.
Nikakiweka.
Nikakishika.

Bi Raya akaingia kuazima ungo.
"Unalilia kopo?"
Nikamweleza.
Akacheka mpaka akatafuta pa kukaa.
"Samli ya Kazija! Miaka ile ya foleni,
sukari kwa karatasi, ng'ombe wa baba yako wamekufa wote wawili,
samli angeitoa wapi?
Tukikuna nazi usiku, mimi na yeye, mlango tumeukomea,
tunachemsha tui mpaka linakatika,
mafuta juu, mashapo ya kahawia chini,
kisha kijiko kimoja, kimoja tu, cha samli ya kweli.
Ya harufu.
Hata ng'ombe walipopatikana hakuacha.
Alisema vinalainika zaidi.
Alisema, wasiambiwe."

Na mimi nimekula vileja hivyo miaka arobaini
nikiapa mbele za watu: hapana kama samli tupu!
Mimi niliyemuumbua wifi yangu Shemsa, harusini,
kwa kutia mafuta ya nazi.

"Akosaye la mama, hata la mbwa huamwa,"
akasema Bi Raya, ungo kwapani,
nami nikaona methali haikukaa sawa,
maana la mama ndilo hilo hilo.

Basi mbuzi wangu akatolewa uvunguni,
mbuzi asiye na maziwa, meno tu.
Nazi sita. Zuwena anakuna, mimi nakamua,
kifumbu kinalia tui zito.
Saa tatu za usiku mafuta yakajitenga, maangavu.
Kikombe kwa kikombe, hapo hapana hesabu;
ingekuwa siagi ningezidisha, kufidia yale maji yake.
Lakini yalikuwa maji maji mno kwa joto hili,
nikayapeleka friji ya kina Mbarouk
mpaka yakafanya ukungu mweupe.

Kisha kopo. Kijiko kimoja.
Ya harufu.

Makaa chini, makaa juu ya mfuniko,
na mimi nimechutama kama ninayesubiri hukumu.

Siku ya Idd Shemsa alitwaa kimoja, akakiyeyusha ulimini,
akafumba macho.
"Haya! Hii ndiyo samli."
Nilikuwa na kileja kinywani. Nikakitafuna polepole.
Nikamsogezea sahani.

Kopo limerudi kabatini.
Vimebaki vijiko vitano, kwa macho yangu.
Zuwena anasema vinne.