Daftari la Keskil

Nyuma ya daftari la hesabu, pale jedwali la saba lilipomshinda,
mwanangu Keskil anafuga wanyama wasiokuwapo.

Mkubwa wao ni Mla-Mvuke.
Hana mdomo. Ana tundu shingoni, dogo kama la kifungo,
na baridi ikifika nyuzi hamsini chini ya sifuri,
pumzi za watu zinapoganda hewani na kuanguka zikinong'ona,
yeye hupita nyuma ya foleni ya mkate
akizidokoa moja moja.
Pumzi ya mwenye hasira humshibisha siku tatu.
Ya mwongo humtia kiungulia.

Kijiti anaishi misonobarini ng'ambo ya mto Lena
na anajua kufa kwa mafungu:
Oktoba hufa miguu, Novemba mgongo,
hata Januari umebaki ukope mmoja tu, unapepesa,
usije mwili ukazikwa kwa makosa.
Mei hujifufua, lakini kwa papara;
mara nyingine husahau sikio mtini.
Ndiyo maana, asema Keskil, miti ya huku inasikia.

Wa tatu nilimkuta jana, wino haujakauka.
Amefanana na farasi wetu wa manyoya marefu,
wale wafukuao theluji kwa kwato kutafuta nyasi,
ila huyu moyo wake hauko kifuani.
Huuacha nyumbani, jikoni, ndani ya buli,
ndipo aende kaskazini, migodini,
na hakuna baridi ya kumuua
kwa kuwa cha kuuawa hakimo ndani yake.
Chini pameandikwa, herufi zimebanana:
Hula nini? Sijui.
Hurudi lini? Akikumbuka buli.

Nikalifunga daftari, nikaenda zamu.

Mimi hulisha makaa boila la kijiji.
Nyumba arobaini na moja zinanywa joto langu kwa mabomba;
nikisinzia, mabomba yatapasuka,
na asubuhi sote tutakuwa Kijiti, bila ukope.
Sijui kuchora. Najua koleo,
najua mshale wa kipimo unavyotetemeka kabla ya balaa.

Alfajiri nikarudi na masizi hadi kwenye meno.
Nikachukua penseli, nikachora ukurasa wa mwisho:
kitu chenye mkono mmoja mrefu na macho mawili,
moja limeingia shavuni.
Keskil akakitazama, uji unapoa.
"Hana manyoya, mama. Anaishije?"
"Mtafiti ni wewe."

Akafikiri. Akaandika:
Hula moshi. Halali usiku.
Ukimgusa, ni wa moto.
Akalifuta lile jicho, akalirudisha mahali pake.

Kisha akaenda jikoni, akainua kifuniko cha buli,
akachungulia,
akakirudisha polepole
kama afunikaye kitu kilicholala.